Kiingereza kwa Wimbo: Kitenzi "Make" na Mapenzi ya Upande Mmoja



Ndugu zangu wasomaji, nimeombwa niandike somo la Kiingereza katika toleo hili. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu somo hili nililipata kwa njia ya aibu.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza hapa chuoni nilimwandikia barua dada mmoja wa jumuiya yetu. Nia yangu ilikuwa njema. Nilitaka ajue kwamba nikimaliza masomo ningependa wazee wangu watoke Karusandara waende kwao kuposa. Nilikosea mambo mawili. Kwanza, nilimwandikia yeye badala ya kuwatuma watu. Pili, niliandika kwa Kiingereza ili nionekane msomi. Mwishoni mwa barua niliweka sentensi niliyoiona tamu kuliko zote: "I will make you to love me." Moyoni nilikuwa nasema: nitajitahidi mpaka unipende.

Baada ya siku tatu barua ilirudi kwa mkono wa kaka yake, ambaye tulikuwa tukiswali naye safu moja. Hapakuwa na jibu. Neno "to" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, neno "make" limezungushiwa duara, na pembeni kulikuwa na alama ya kuuliza. Kaka yake akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, dada ameogopa. Anauliza utamfanya nini."

Kosa la "to" nililielewa siku ileile, nikafungua kitabu cha sarufi na kulithibitisha. Duara la "make" lilinichukua muda mrefu zaidi. Nililielewa likizo iliyofuata, nikiwa nyumbani, kwa msaada wa wimbo.

WIMBO WENYEWE

Jioni moja mdogo wangu alikuwa amefungua redio ya simu, na stesheni ikapiga wimbo wa Kimarekani uitwao "I Can't Make You Love Me". Ndani ya jina hilo nikasikia maneno yangu yaleyale: make, you, love, me. Tofauti ilikuwa mbili tu. Mwimbaji hakuweka "to", na kabla ya "make" aliweka "can't".

Wimbo huu uliandikwa na Mike Reid na Allen Shamblin, na Bonnie Raitt akaurekodi katika albamu yake ya mwaka 1991 iitwayo Luck of the Draw. Reid kabla ya muziki alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika timu ya Cincinnati Bengals. Amesimulia kwamba wazo la wimbo lilitoka kwenye habari ya gazeti. Mtu mmoja alilewa akalipiga risasi gari la mpenzi wake. Alipofikishwa mahakamani, hakimu akamuuliza amejifunza nini. Akajibu kwa maana kwamba amejifunza huwezi kumlazimisha mwanamke akupende ikiwa hakupendi.

Tazameni jambo hilo. Mtu yule alifika kwenye sentensi sahihi baada ya bunduki na mahakama. Mimi nilifika kwa wino mwekundu, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa wepesi huo.

Najua wako watakaouliza kuhusu muziki. Wanazuoni wana maneno yao juu ya nyimbo na ala, na anayejizuia ana haki yake. Mimi niliyaandika maneno kwenye daftari nikayasoma kama mtu asomavyo shairi. Wala si kila kilichomo kwenye wimbo ni cha kufuata. Wale wawili wa kwenye wimbo wanakutana usiku kwa namna ambayo dini yetu haituruhusu. Sikuchukua mwenendo wao, nilichukua sarufi yao na ukweli mmoja waliousema.

SARUFI: "MAKE" NA WENZAKE

Kanuni ni hii. Baada ya "make" unataja mtu, kisha kitenzi kitupu, bila "to".

"The flood made us leave our house." Mafuriko yalitufanya tuhame nyumba yetu. Sisi wa Kasese tunaielewa sentensi hii vizuri, hasa tukikumbuka mito ilivyofurika Mei 2020.

"The teacher made him repeat the test." Mwalimu alimlazimisha arudie mtihani.

Lakini ukiigeuza sentensi iwe ya kutendwa, "to" inarudi: "He was made to repeat the test." Wengi huanguka hapo katika mitihani.

Kitenzi "let" kinafuata kanuni ileile: "My mother let me go to Bwera." Mama aliniruhusu niende Bwera. Ukitumia "allow", "to" inakuja: "My mother allowed me to go to Bwera." Maana zinakaribiana, umbo ni tofauti.

Sasa kuhusu "can't". Angalieni kwamba jina la wimbo halisemi "I won't", yaani sitaki, wala "I shouldn't", yaani haifai. Linasema siwezi. Sitaki na haifai ni maneno ya mtu ambaye njia bado anayo. Siwezi ni neno la mtu aliyegundua kwamba njia hiyo haipo kabisa.

KWA NINI TUNAKOSEA

Nilijiuliza mbona niliandika "make" bila wasiwasi wowote. Jibu limo katika lugha zetu wenyewe.

Kiswahili kina mnyambuliko wa kusababisha: cheka, chekesha, lia, liza, lala, laza, soma, somesha, -la, -lisha. Lukonzo na Rutooro, lugha tunazonyonya nazo maziwa huku kwetu, nazo ni za Kibantu na zina minyambuliko ya aina hiyo. Shuleni tunafundishwa kwamba "alinichekesha" ni "she made me laugh", na ni kweli. Basi kichwa kinahitimisha kwamba kila "-sha" ni "make".

Hapo ndipo tunapopotea. Mnyambuliko wetu unabeba upole na nguvu pamoja. Mama anayemlisha mtoto hamlazimishi. Mzazi anayemsomesha mwanawe anauza mchele ili alipe ada. Lakini "make" ikifuatwa na mtu na tendo la hiari, mara nyingi sana Mwingereza husikia ndani yake nguvu, kwamba yule mtu hakutaka.

Mfano huu umenitokea mimi. Niliitwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo, nikaulizwa nani amenifikisha hapa. Baba yangu ni mkulima wa mpunga na mahindi upande wa Mubuku, na kila muhula nilimwona akihesabu magunia kabla ya kuhesabu ada. Nilitaka kusema "baba yangu alinisomesha". Nikasema, "My father made me study." Mama mmoja wa jopo akainua macho akaniuliza kama mimi mwenyewe sikupenda kusoma. Nikababaika. Jasho lote la baba yangu nililigeuza fimbo kwa neno moja.

Ilinipasa kusema: "My father paid for my education." Vivyo hivyo:

"Alinilisha" si "she made me eat". Ni "she fed me". Ukisema "she made me eat" umesema ulikataa chakula, naye akakushurutisha.

"Alinilaza kwake" si "he made me sleep". Ni "he gave me a place to sleep".

"Alinikopesha" si "he made me borrow". Ni "he lent me money".

Kanuni ya kukumbuka: kabla hujaandika "make" pamoja na tendo la mtu, jiulize kama mtu huyo alikuwa na hiari. Kama alikuwa nayo, tafuta kitenzi kingine.

Na kitenzi "penda" je? Kukinyambua kwa njia hiyo, neno tunalolitumia kila siku ni "pendeza". Sasa angalieni maana yake. Nikisema "nataka kukupendeza", mzigo wote uko kwangu. Mimi ndiye nitakayenyoosha tabia yangu, nioge, niseme ukweli, nisimame vizuri. Wewe hujaguswa. Utapendezwa au hutapendezwa, hilo ni lako. Kiingereza chake ni "please": "I hope to please you." Lugha yangu ilikuwa na neno la adabu tayari. Nililiacha nikaenda kuazima neno la nguvu.

NGAZI YA VITENZI

Chukueni daftari mchore ngazi hii, kutoka kwenye nguvu kushuka kwenye hiari.

Juu kabisa ni "force someone to do something", kumlazimisha mtu. Chini yake "make someone do something", kumfanya atende, bila "to". Kisha "order someone to do something", kumwamuru. Kisha "persuade someone to do something", kumshawishi mpaka akubali. Kisha "advise someone to do something", kumshauri. Kisha "ask someone to do something", kumwomba. Chini kabisa ni "let someone do something", kumwacha atende apendavyo, bila "to".

Tahadhari na "persuade". Ukisema "I persuaded him", maana yake alikubali. Ikiwa ulijaribu akakataa, sema "I tried to persuade him".

Kuna kitenzi kimoja zaidi, "intercede". Ni kumwombea mtu mwingine kwa mtu wa tatu, yaani shufaa. Tunasema "intercede with someone for someone". Kukielewa kitenzi hiki, hakuna mfano bora kuliko kisa tunachokijua sote.

BARIRA NA MUGHITH

Katika Sahihi ya Imamu Bukhari, Ibn Abbas (r.a.) amesimulia habari za Barira na Mughith. Barira alikuwa mjakazi, Bibi Aisha (r.a.) akamnunua na kumwacha huru. Mumewe Mughith alikuwa mtumwa. Sheria ilimpa Barira hiari, baada ya kupata uhuru, abaki na mume yule au aachane naye. Akachagua kuachana naye.

Mughith hakuweza kuvumilia. Alikuwa akimfuata Barira katika njia za Madina huku analia, machozi yakitiririka mpaka kwenye ndevu. Mtume (s.a.w.) akamwonyesha ami yake Abbas jambo hilo la ajabu, jinsi Mughith alivyompenda Barira na jinsi Barira alivyomchukia Mughith. Kisha akamwambia Barira kwamba ingekuwa vizuri kama angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume (s.a.w.) akamjibu kuwa hapana, yeye anaombea tu. Barira akasema hana haja naye. Maneno yakaishia hapo.

Sasa liwekeni katika Kiingereza: "The Prophet interceded for Mughith. He did not order Barira to go back." Sentensi hizi mbili zina tofauti yote tuliyoizungumza. Barira aliuliza swali la sarufi kabla ya kutoa jibu. Alitaka kujua anasimama kwenye daraja gani la ngazi, kwenye "order" au kwenye "ask". Alipojua ni ombi, alijua ana haki ya kusema hapana, hata kama muombaji ni mbora wa viumbe. Wala hakukemewa.

Niliposoma kisa hiki tena, baada ya barua yangu, nilijikuta mahali pa Mughith. Nilikuwa nimezoea kumwonea huruma tu. Safari hii nilimtazama Barira, naye anatembea njiani na mtu analia nyuma yake, kila mtu anaona. Nikakumbuka maneno ya yule kaka: dada ameogopa.

MSAMIATI WA KUONGEZA

"Unrequited love" ni mapenzi ya upande mmoja. Kitenzi "requite" maana yake ni kulipa au kurudisha, kwa hiyo neno kwa neno ni mapenzi yasiyolipwa. Jihadharini na picha hiyo, kwa sababu inamfanya anayependa ajione anadai. Barira hakuwa na deni la Mughith. Kiswahili kinasema "upande mmoja" tu, na hakimwandiki mtu yeyote kwenye daftari la madeni. Wala si kila wimbo wa huzuni ni wa "unrequited love". Wimbo wa "Malaika", aliourekodi Fadhili William wa Kenya na baadaye Miriam Makeba akauimba duniani kote, ni wa mtu anayeshindwa kuoa kwa kukosa fedha. Kizuizi pale ni mfuko. Katika wimbo wa Raitt kizuizi ni moyo, na moyo hauchangiwi harambee.

"To have a crush on someone" ni kumpenda mtu kwa siri, kwa moto wa muda. Msisahau "on".

"To turn someone down" ni kumkatalia mtu ombi au posa. "She turned me down" ni sentensi kamili, haihitaji "because".

"To lead someone on" ni kumpa mtu matumaini ilhali unajua huna nia. Hili ni la kaka na dada wote. Barira hakufanya hivyo, alisema neno lake wazi.

"To get over someone" ni kupona mapenzi ya mtu. "It took him a year to get over her."

"To patronize someone" linawapoteza wengi wetu. Katika shule zetu "patron" ni mwalimu mlezi wa chama, mtu wa heshima, kwa hiyo tunadhani "patronize" ni kulea. Ukimfanyia mtu, maana yake ni kumsemesha kama mtoto, kumwonea huruma yenye dharau. Ukimkatalia mtu, mkatalie kwa heshima, usimfanyie hivyo.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Mimi hufanya hivi, na likizo niliwafanyisha vijana wa jirani waliokuwa wanajiandaa na mtihani wa S.4. Siku ya kwanza andika maneno unayoyasikia, hata kama ni nusu. Siku ya pili linganisha na maandishi sahihi, upigie mstari vitenzi tu. Siku ya tatu tunga sentensi zako tano kwa vitenzi hivyo, za mambo ya kwenu: shamba, soko la Mpondwe, msikiti, mtihani. Siku ya nne zitafsiri kwa Kiswahili, ufunike Kiingereza. Siku ya tano zirudishe kwenye Kiingereza bila kutazama. Pale zinapotofautiana ndipo penye somo lako.

ZOEZI

Sahihisha au tafsiri:

1. "The rain made us to stay in the mosque."
2. "We were made wait for two hours."
3. Shangazi yangu wa Bwera alinisomesha.
4. "I persuaded him but he refused."
5. Alimwombea mwanafunzi kwa mkuu wa chuo.

Majibu: 1. "The rain made us stay in the mosque." 2. "We were made to wait for two hours." 3. "My aunt in Bwera paid for my education." 4. "I tried to persuade him but he refused." 5. "He interceded with the principal for the student."

KUMALIZIA

Muhula ulipofunguliwa nilimwomba yule kaka anifikishie salamu na karatasi ndogo kwa dada yake. Niliandika sentensi mbili: "I am sorry that I frightened you. I will not ask again." Aliniletea jibu kwamba amenisamehe, na kwamba safari hii hakuna cha kusahihisha. Hakuna kilichofuata baada ya hapo, wala sikukitarajia. Tunaendelea kuhudhuria darsa moja, yeye upande wa dada zetu, mimi upande wetu, na tukikutana getini tunasalimiana kama Waislamu wengine.

Ndugu yangu, ukiwa na nia, watume watu. Ukijibiwa hapana, ni jibu kamili. Na ukiandika Kiingereza, chunga "make".

Wabillahi tawfiiq.